Nyumba hailii, tuyo zinatoka jasho



Wengi wenu mnakaa katika nyumba za zamani: nyumba za kampuni, nyumba za njia ya reli, nyumba za kambi za Likasi, Kolwezi na Lubumbashi. Katika nyumba hizo mara nyingi tuyo za maji hazikufichwa ndani ya kibambazi. Zinapita juu yake, chuma tupu, kutoka jikoni mpaka chooni. Wakati wa kiangazi hakuna anayeziangalia. Lakini mvua ikianza, zinatoa matone, chokaa inavimba na kuanguka, kona za nyumba zinakuwa nyeusi, na watoto wanateleza. Mwenye nyumba anaita plombie. Plombie anafika, anatafuta tundu, na tundu hakuna. Hapo ndipo maneno yanaanza.

Nataka kuandika juu ya tuyo hizo, na juu ya maneno hayo pia, maana nyumbani kwetu yalikaribia kumfukuzisha mtoto.

NYUMBA YETU

Sisi tunakaa Kaniama, karibu na gare. Nyumba yetu ni ya matofali ya kuchoma na malata, moja ya zile za wakati wa BCK. Kampuni hiyo iliundwa mwaka 1906 kwa kujenga njia ya reli kati ya Bas-Congo na Katanga. Reli ilifika Bukama mwaka 1918, na mwaka 1928 ilimalizika mpaka Port-Francqui, mji unaoitwa leo Ilebo. Wakati ule treni zilikwenda kwa mvuke, na treni ya mvuke ina kiu kubwa. Bila maji njiani haifiki. Kwa hiyo maji yalitafutwa, tanki zikajengwa, na nyumba kama yetu zikapata tuyo na robine.

Kisha maji yakakatika. Miaka mingi sana tuyo zile zilibaki kibambazini kama mapambo. Watoto walitundikapo nguo. Sisi wanawake tulikwenda kuchota na kubeba bidon kichwani.

Mwezi wa Agosti 2018, jamaa nne za majirani tuliunganisha feza. Tukachimba forage, tukaweka pompe ya jua, tukajenga tanki ya sima chini ya mwembe. Plombie akafunga tuyo mpya ardhini kutoka tanki mpaka kwenye zile tuyo za zamani. Siku robine ya jikoni ilipotoa maji, nilipiga vigelegele peke yangu kabla sijaita mtu.

Mwezi wa Novemba mwaka uleule alifika mtoto. Alikuwa mtoto wa dada ya mume wangu, aliyefia Luena. Alikuwa na miaka tisa, mwembamba, mwenye kunyamaza. Usiku aliamka na kwenda kukaa peke yake jikoni karibu na mbabula, mahali pa joto. Mtu aliyefiwa na mama yake anafanya hivyo, hata mtu mzima.

Wiki ileile kibambazi cha jikoni kilianza kutoka maji.

MANENO YALIVYOANZA

Wa kwanza kusema alikuwa shangazi wa watoto wangu, dada mkubwa wa mume wangu. Alisimama mlangoni, akaangalia matone, akaangalia mtoto, akasema: «Tangu huyu mutoto aliingia humu, nyumba iko nalia. Miaka yote hamukuona mayi mu kibambazi. Munangojea nini tena?»

Tuliita plombie. Alikuwa mtu mwaminifu. Alipiga tuyo kwa kifunguo, akapitisha mkono pande zote, akakaza viungo vyote. Mwishoni akasema: «Mama, tuyo haina na tundu. Miye sijue mayi inatoka wapi.»

Aliyasema kwa ukweli wake wote, lakini ndiyo yaliyoharibu mambo. Jioni ile kila mtu alirudia: hata fundi ameshindwa! Siku mbili baadaye aliletwa mwombezi mmoja. Hakugusa tuyo. Alimtazama mtoto tu, akasema maji yale ni machozi ya mama yake, na kwamba mtoto anayaleta usiku. Alitaka mtoto akae kwake, afunge kula siku saba.

Jamaa likakutana. Mume wangu aliinamisha kichwa. Kumpinga dada mkubwa mbele ya watu si jambo dogo kwetu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Somo la maji na mvuke ninalifundisha kila mwaka, na kwa macho yangu kibambazi kile hakikuwa na siri. Lakini nilijua pia kwamba maneno ya mwalimu hayamshindi shangazi katika nyumba ya kaka yake. Nikaomba kitu kimoja tu: siku tatu, na wote waje kuona. Kama baada ya siku tatu hawajaona maji yanatoka wapi, tutaongea tena. Wakakubali, kwa sababu siku tatu si kitu.

Usiku ule mtoto alinifuata jikoni. Alikuwa amesikia yote, maana nyumba zetu hazina dari la kuzuia sauti.

«Tantine, miye nilifanya nini?»

«Hukufanya kitu,» nikamwambia. «Kesho utanisaidia kazi.»

HEWA INABEBA MAJI

Kabla ya kuwaeleza zile siku tatu, lazima nieleze jambo lenyewe.

Hewa tunayovuta ina maji ndani yake. Hatuyaoni, kwa sababu ni mvuke. Hewa ya moto inaweza kubeba maji mengi, hewa ya baridi inabeba kidogo. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la digri 30 inaweza kubeba gramu 30 za maji. Ikiwa na digri 20, inabeba gramu 17 tu. Ikiwa na digri 10, ni gramu 9. Basi hewa iliyojaa maji ikigusa kitu cha baridi, inapoa, inashindwa kubeba mzigo wake, na inauacha palepale. Mzigo huo ndio matone.

Mmekwisha kuviona. Chupa ya maji ikitoka frigo na kuwekwa mezani inatoka jasho, nayo imefungwa na imejaa. Hakuna anayesema chupa imepasuka. Asubuhi majani yana umande, na mvua haikunyesha. Zamani watu wa Ulaya nao walibishana: umande unaanguka kutoka mbinguni, au unatoka katika udongo? Daktari mmoja wa London, William Charles Wells, alitandaza vipande vidogo vya manyoya ya kondoo nje usiku, akavipima uzito jioni na asubuhi. Mwaka 1814 alitoa kitabu akionyesha kwamba umande unatoka katika hewa, unapogusa vitu vilivyopoa. Baba zetu wanaofanya kazi kwenye kompresa za migodi wanalijua jambo hilo bila kitabu: kila siku wanafungua robine ndogo chini ya tanki ya hewa na kumwaga maji. Hakuna aliyeyatia mle. Yaliingia pamoja na hewa.

Sasa tuje jikoni kwetu. Jioni ya mvua, nyungu ya maji ya bukari inachemka, sombe inachemka, maji ya kuogesha watoto yanachemka. Nguo zilizokosa jua zimetundikwa ndani. Watu kumi na mmoja wanapumua, na kila mtu anatoa mvuke kwa pumzi na ngozi. Joto la jikoni ni kama digri 28, na hewa imejaa maji kwa sehemu nane juu ya kumi. Katika hali hiyo, kitu chochote chenye baridi chini ya digri 24 kitatoka jasho. Na maji ya tanki yetu, yaliyopoa usiku kucha chini ya mwembe kwa mvua, yanapita katika tuyo ya chuma tupu. Chuma kinashika baridi ya maji upesi. Mbao au udongo havishiki hivyo.

Nyumba za zamani zinateseka zaidi kwa sababu nyingine pia. Waliozijenga waliacha matundu ya hewa juu ya madirisha. Sisi tukayaziba kwa gunia na matofali, juu ya mbu, popo na baridi ya mwezi wa sita. Nyumba ilipangwa kwa watu wachache, leo tunalala wengi. Mvuke unaingia na hauna mlango wa kutokea.

SIKU TATU

Siku ya kwanza tulikausha tuyo kwa kitambaa. Mtoto mwenyewe ndiye aliyekausha. Kisha nikazungusha plastiki safi juu ya tuyo, urefu wa mkono mmoja, nikaikaza pande zote mbili kwa fili na utepe wa kunata ili hewa isiingie. Maana yake ni rahisi: kama maji yanatoka ndani ya tuyo, yatakuwa chini ya plastiki. Kama yanatoka katika hewa, yatakuwa juu yake. Tukapika ndani kama kawaida, watu wakaoga, robine zikafunguliwa. Baada ya saa moja plastiki ilikuwa na matone juu. Nikaifungua mbele ya wote. Chini yake tuyo ilikuwa kavu. Shangazi aligusa kwa kidole chake, akanyamaza.

Siku ya pili mtoto alikwenda kulala kwa jirani, tangu mchana mpaka asubuhi. Tukapika ndani. Tuyo ikatoka jasho kama jana, hata zaidi, maana mvua ilinyesha. Ndugu mmoja wa mume wangu akasema bulozi haina na njia, inafanya kazi hata kutoka mbali. Sikubishana naye. Nilimwambia tu arudi kesho.

Siku ya tatu mtoto alirudi, akakaa jikoni muda wote, mbele ya macho ya watu. Lakini siku hiyo mbabula zote tulizitoa nje, chini ya barza. Bukari ilipikwa nje, maji ya kuoga yalichemshwa nje, nguo zilitundikwa barzani, na gunia tuliziondoa katika matundu ya juu. Maji yalikuwa yaleyale, tuyo ileile, mtoto yuleyule. Mpaka saa tatu ya usiku tuyo ilibaki kavu, ila matone machache kwenye kona.

Nilikuwa nimemwalika mzee mmoja jirani, aliyestaafu kazi ya reli. Aliangalia tuyo, akacheka kidogo. «Hii si mupya,» akasema. «Zamani, mayi ikiwa bado inatembea, hizi tuyo zilikuwa zinatoka jasho kila mwaka, mvula ikianza. Mama yangu alikuwa anazifunga na gunia. Tulisahau juu ya mayi ilikatika.» Kisha akamgeukia yule ndugu wa mume wangu: «Kama ni bulozi, mbona inafuata nyungu?»

Ndiyo ilikuwa jibu la lile swali la shangazi, kwa nini miaka yote hatukuona maji kibambazini. Miaka yote tuyo zilikuwa tupu. Tuyo tupu ina joto sawa na nyumba, haiwezi kutoka jasho. Mwezi wa Agosti tulitia maji, lakini Agosti ni kiangazi, hewa ni kavu. Novemba hewa ilijaa maji. Mtoto alifika Novemba. Mambo mawili yaliingia kwa mlango mmoja, moja likabebeshwa kosa la lingine.

Sitawadanganya kwamba wote walifurahi. Shangazi hakuomba radhi, na yule mwombezi alisema mengine mjini. Lakini mume wangu aliinua kichwa na kusema mbele ya jamaa: «Huyu mutoto hatoki humu.» Hakuna aliyerudisha neno.

NAMNA YA KUTAMBUA

Usiite jasho kila maji unayoyaona. Pengine tundu lipo kweli, na tundu linaharibu msingi wa nyumba. Fanya hivi:

1. Kausha tuyo yote, kisha uangalie. Jasho linaanza pande zote, matone madogo mengi. Tundu linaanza mahali pamoja, mara nyingi kwenye kiungo.

2. Angalia saa. Jasho linakuja wakati wa kupika, wa kuoga na baada ya kuchota maji mengi. Robine zikifungwa usiku kucha, maji ndani ya tuyo yanapata joto la nyumba na jasho linakauka. Tundu halilali.

3. Tumia plastiki kama nilivyoeleza. Kwa kibambazi chenyewe, bandika kipande cha plastiki na ukifunge vizuri pembe zote. Kesho yake, maji yakiwa nyuma ya plastiki, yanatoka ndani ya kibambazi au udongoni. Yakiwa mbele, yanatoka katika hewa.

4. Mwenye kontere ya maji afunge robine zote na kuitazama. Ikizunguka, maji yanapotea mahali.

DAWA YA TUYO

Kwanza, punguza mvuke. Funika nyungu kwa kifuniko. Ukiweza, pika nje au barzani. Fungua matundu ya juu na uweke wavu wa mbu badala ya gunia. Wengine wanauliza: nikifungua dirisha wakati wa mvua, si unyevu utaingia? Hapana. Hewa ya nje yenye digri 20, hata ikijaa kabisa, ina gramu 17 za maji. Ile ya jikoni yetu ilikuwa na karibu 22. Inayotoka ndiyo nzito. Na ukipika kwa makala ndani ya nyumba iliyofungwa, moshi wake usioonekana unaua watu usingizini. Sababu hiyo peke yake ingetosha.

Pili, tengeneza robine inayovuja na chasse ya choo isiyofunga. Maji yakipita mchana na usiku, tuyo haipati kamwe nafasi ya kupata joto. Kwetu kipira kimoja cha robine, kitu kidogo kabisa, kilipunguza sehemu kubwa ya jasho.

Tatu, vika tuyo nguo. Lakini hapa wengi wanakosa. Gunia au kitambaa tupu kinapitisha hewa, kinanywa maji, na chuma kinaoza chini yake bila wewe kuona. Nguo nzuri inafanya kazi mbili: inazuia baridi isifike nje, na inazuia hewa isifike kwenye chuma. Mijini wanauza mousse yenye tundu katikati, inavishwa kama soksi. Ziba mshono wake wote. Kwetu tulifanya na tulichokuwa nacho. Tulisugua kutu kwa burushi ya fili, tukapaka rangi ya kuzuia kutu, tukangoja ikauke. Kisha tukazungusha vipande vya blanketi kuukuu vilivyokauka kabisa, na juu yake plastiki, na juu ya plastiki mpira wa ndani wa kinga uliokatwa kama utepe, kila mzunguko ukilalia nusu ya mwingine. Viungo na kona msiviruke, ndipo jasho linapoponea. Fanya kazi hii wakati wa kiangazi, tuyo ikiwa kavu.

Nne, pale usipoweza kuvika, ongoza matone. Funga kamba mahali tuyo inapoinama, matone yatafuata kamba mpaka kwenye beseni. Mwaga beseni kila siku, mbu wasizalie mle. Na kama kuna fili za umeme chini ya tuyo, usingoje: katisha umeme, umwite fundi azihamishe.

Neno moja la hatari. Katika nyumba za zamani za kampuni unaweza kukuta tuyo zilizovikwa kitu cheupe kama sima laini, chenye nyuzi. Kinaweza kuwa amianti. Usikivunje wala kukisugua kikiwa kikavu, na watoto wasikiguse. Vumbi lake linaharibu mapafu baada ya miaka mingi.

Msiseme basi, ni matone tu. Kibambazi chenye maji kinaota kuvu. Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa mwaka 2009 maagizo juu ya unyevu na kuvu ndani ya nyumba, na lilieleza kwamba wanaokaa humo wanapata zaidi kikohozi na pumu. Kumbe mtoto anayekohoa usiku katika nyumba ya namna hiyo anahitaji kibambazi kikavu, na hakuna haja ya kumwita majina.

JUU YA MTOTO

Ninaongeza haya kwa ajili ya wazazi, na kwa ajili ya vijana ambao kesho watakuwa wazazi.

Katiba ya nchi yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumtupa mtoto, kumtesa, na kumshitaki kwamba ni mulozi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, kifungu cha 160, inampa mwenye kumshitaki mtoto hivyo kifungo cha mwaka mmoja mpaka mitatu, pamoja na faini. Wengi hawaijui. Waliokuja katika mkutano wetu hawakuijua. Mume wangu aliposikia baadaye, alisema angalitaka kuwa na karatasi ile mfukoni siku ile.

UNICEF ilitoa mwaka 2010 uchunguzi juu ya watoto wanaoitwa walozi katika Afrika. Mayatima ni kati ya wanaoshitakiwa sana, pamoja na watoto wenye ulemavu, wenye ugonjwa na wenye kunyamaza. Someni tena orodha hiyo, mtaona kwamba ni orodha ya watoto wenye shida. Mtoto asiye na mama hana wa kumsemea, ndiyo maana kosa la mvua linamkalia kirahisi.

Na anayefukuzwa anakwenda wapi? Kinshasa, Lubumbashi, Mbuji-Mayi, mabarabara yana watoto waliotolewa nyumbani kwa neno hilo. Hapa kwetu, tangu mwaka 2020, Serikali ilianza kuleta Kaniama-Kasese, kwenye Service National, vijana waliokamatwa katika vurugu za mitaa ya Kinshasa, wajifunze kulima na kazi za mikono. Sijui historia ya kila mmoja, na si kila mmoja alifukuzwa. Lakini nikiwaona nawaza: kila mmoja alikuwa na jikoni mahali fulani, na siku moja alitoka humo.

Basi, wapendwa, nyumba ikitoka maji, au mbuzi akifa, au biashara ikianguka, ulizeni kwanza vitu vyenyewe. Maji yanatoka wapi? Yalianza lini? Nini kingine kilibadilika wakati uleule? Ondoeni kitu kimoja, muangalie. Kirudisheni, muangalie tena. Fundi akisema «sijue», amesema ukweli wake, naye hakumshitaki mtu. Tafuteni fundi wa pili. Waulizeni wazee waliokaa nyumba ile kabla yenu. Na siku zote hizo mtoto aendelee kula na kwenda shule kama wengine.

Mtoto yule aliendelea na masomo, akaingia shule ya sekondari. Katika nyumba yetu yeye ndiye plombie wa jasho. Kila mwaka mwezi wa Agosti, kabla ya mvua, anapita na taa, anapapasa mpira wa kinga kutoka jikoni mpaka chooni, na panapolegea anakaza. Shangazi akija kututembelea anamwita amchotee maji ya kunywa. Anayachota kwenye robine ileile, anayaweka mezani, na shangazi anakunywa.